TV zilihama keja hewani mwaka wa 2015. Unajua ni nani aliingia?

Shika simu yako. Kama uko ndani ya nyumba, tuseme chumba cha katikati kwenye ghorofa la tano pale Pipeline, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, na bado video inacheza bila kukwama, huenda inakufikia kupitia hewa ambayo zamani ilikuwa ya runinga. Sisemi kwa mafumbo. Ni masafa yale yale yaliyotengewa vituo vya TV wakati ulikuwa unapanda juu ya mabati kugeuza antena huku mtu akipaza sauti kutoka sebuleni: "Hapo hapo! Usiguse!"

Watu wengi wa rika letu wanakumbuka uhamaji wa dijitali kama ile siku king'amuzi kiliingia nyumbani na mama akalalamika kuhusu rimoti mbili. Lakini kulikuwa na mali iliyobaki nyuma TV zilipohama, na mali hiyo ni yako na yangu kisheria, maana masafa ni rasilimali ya umma. Iligawanywa. Pengine ulikuwa darasa la saba, kwa hivyo hakuna aliyekuuliza. Kuna kipande kingine ambacho bado hakijagawanywa, na safari hii utakuwa mtu mzima mwenye kura.

Nianze na hesabu ya keja, kwa sababu mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza na sikuwa hata kwa darasa la uhandisi. Haya mambo nimeyaelewa kwa lugha ya ploti.

Hewani, kituo kimoja cha TV cha analogia kilikodi nyumba nzima. Upana wa nyumba hiyo ni megahezi 8. Ukiwa na kituo kimoja, nyumba ni yako peke yako, na jirani hawezi kuishi karibu sana kwa sababu mawimbi yenu yatagongana, kwa hivyo nyumba ya pili yako inaachwa tupu. Dijitali ilipokuja, mwenye ploti akafanya kile ambacho landilodi wa Zimmerman angefanya: akagawanya ile nyumba moja kuwa bedsitta. Kwa teknolojia ambayo Kenya ilichagua, inayoitwa DVB-T2, megahezi 8 zile zile zinabeba vituo karibu 20 vya ubora wa kawaida. Vituo vyote vikubwa vya nchi vikaweza kuingia kwenye ghorofa mbili tatu, na sehemu kubwa ya mtaa ikabaki wazi.

Huo mtaa uliobaki wazi ndio wataalamu wanauita faida ya dijitali. Na ndiyo sababu halisi dunia nzima ilikimbizwa kuhama. Picha safi ilikuwa ya kukuvutia tu. Kule Geneva mwaka wa 2006, nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilikubaliana kwamba kufikia tarehe 17 Juni 2015 ulinzi wa mawimbi ya analogia ungeisha. Mwaka mmoja baadaye, mkutano wa kimataifa wa mawimbi ya redio ulianza kuzitengea simu sehemu ya juu ya masafa ya TV, yaani kuanzia megahezi 790 hadi 862. Mwaka wa 2012 wakashuka hadi 694. Kwa maneno mengine, mpangaji mpya alishatajwa kabla yule wa zamani hajafunga virago.

Hapa kwetu, Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali tarehe 9 Desemba 2009. Kisha mambo yakatulia kwa Kenya ya kawaida: miaka ikapita, tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Neno "dijitali" lenyewe likawa la siasa. Kwenye kampeni za 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto walijiita timu ya dijitali, wapinzani wao wakawa analogia, na nyanya yangu akadhani dijitali ni chama.

Vita vyenyewe vilihusu nani atashika mlingoti. Kwenye mfumo wa zamani, kila kituo kilikuwa na mtambo wake wa kurushia matangazo. Kwenye mfumo mpya kazi hizo mbili zilitenganishwa: wewe unatengeneza kipindi, mtu mwingine mwenye leseni ya kusambaza mawimbi anakubebea. Ni kama matatu na abiria. Leseni hizo za kusambaza zikaenda kwa wawili pekee, Signet ambayo ni tawi la KBC, na kampuni yenye mizizi China inayoitwa Pan African Network Group. Nation, Standard na Royal Media, ambao kwa miaka mingi walikuwa wamejijengea milingoti kila kilima, wakaambiwa sasa nyinyi ni abiria.

Wakakataa. Wakaenda kortini, na hiyo kesi ilipanda ngazi zote. Desemba 2013 Mahakama Kuu iliwakatalia. Machi 2014 Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi na hata kufuta leseni ya wale Wachina. Septemba 2014 Mahakama ya Juu ikapindua hilo, lakini ikaiagiza tume ya mawasiliano iangalie upya ombi la vituo hivyo kupata leseni yao wenyewe. Kwa maoni yangu walikuwa na hoja: ukishajenga nyumba, kuambiwa ulipe kodi kwa jirani si jambo dogo, na kumpa serikali swichi ya stesheni yako ni jambo kubwa zaidi. Lakini pia tusidanganyane. Kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa mwezi mwingine wa kukaa kwenye masafa makubwa ambayo wengine walikuwa wanayasubiri nje ya lango.

Halafu tarehe 14 Februari 2015, siku ya wapendanao, mitambo ya analogia ya vituo hivyo ikazimwa. Citizen, NTV, KTN na QTV zikawa nyeusi. Kwa siku 19, nchi ambayo ilizoea kupangwa na taarifa za saa moja na soap za Mexico ilibaki na KBC na K24, na wazazi wetu wakagundua kwamba wana watoto. Vituo vilirudi mapema Machi, kwa dijitali.

Sasa hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu hii sehemu husahaulika. Vilirudi vikiwa pamoja. Nation, Standard na Royal Media, hasidi watatu wanaopigania mtazamaji mmoja, tangazo moja la sabuni na mtangazaji mmoja maarufu kila msimu, waliunda kampuni moja ya kusambaza mawimbi, Africa Digital Network. Leseni moja, mtandao mmoja wa kurushia matangazo, dizeli ya jenereta inanunuliwa na wote. Saa moja usiku ukibadilisha kutoka kituo hiki hadi kile, unadhani umetoka kwa adui kwenda kwa adui, kumbe bado uko kwenye mlingoti ule ule.

Ushirikiano huo haukuletwa na upendo. Uliletwa na hesabu. Hakuna sababu ya kampuni tatu kujenga milingoti mitatu kwenye kilima kimoja ili kubeba mzigo ambao mlingoti mmoja unaweza. Shindana kwa habari, shindana kwa vichekesho, lakini bomba la maji liwe moja.

Na walishawahi kuonyesha kwamba wanaweza. Februari 2013, mdahalo wa kwanza wa urais katika historia ya Kenya ulirushwa kwa pamoja na vituo vyote vikubwa. Picha zile zile, kila kituo. Hakuna aliyekufa njaa kwa kugawana picha.

Lakini wakirudi kwa ubinafsi, tunaumia sisi. Kumbuka Agosti 2022. Fomu za 34A zilikuwa wazi kwenye tovuti ya IEBC, fomu zile zile kwa kila mtu. Kila chumba cha habari kikaajiri vijana wake wa kuingiza namba, kila kimoja kikaanzia kwenye kaunti tofauti, na jioni ukibadilisha stesheni unampata Ruto akiongoza hapa na Raila akiongoza pale. Watu wakaanza kutiliana shaka kwenye vibanda vya chai kwa sababu ya mpangilio wa kuingiza data. Mwishowe vituo vikapunguza mwendo na kuacha hesabu hizo. Fikiria wangeunganisha hao vijana wote kwenye ukumbi mmoja. Kazi ingeisha haraka, na kila kituo kingebaki na wachambuzi wake na mbwembwe zake.

Turudi kwa keja zilizobaki tupu. Nani aliingia?

Kampuni za simu. Na walizitaka kwa sababu ambayo ukiishi kwenye nyumba za mawe unaijua kwa mwili wako hata kama hujui kwa jina. Masafa ya chini husafiri mbali na hupenya ukuta. Masafa ya juu, kama yale ya megahezi 2100 yaliyobeba 3G yetu ya kwanza, hubeba mzigo mzuri lakini huchoka haraka. Yakikutana na kuta mbili za mawe ya Ndarugu yanakata tamaa. Masafa ya TV yalichaguliwa tangu mwanzo ili yafike sebuleni kwa mtu aliye kilomita nyingi kutoka kilimani. Kwa kampuni ya simu hiyo ni dhahabu: minara michache, eneo kubwa, na mteja anapata mtandao akiwa chooni.

Kwa leseni ya 4G kwenye masafa ya 800, Mamlaka ya Mawasiliano iliweka bei ya dola milioni 25, karibu shilingi bilioni 2.5 wakati huo, na Safaricom ikalipa. Kwenye masafa ya 700 aliyeingia kwa kishindo ni Jamii Telecommunications, na Faiba 4G ikazinduliwa Desemba 2017. Kama ulikuwa mtu wa bando unakumbuka msisimko ule. Bei zilikuwa za kuchekesha ukilinganisha na tulizozoea. Kisha watu wakanunua laini, wakaiweka kwa simu, na simu ikawaangalia tu. Simu nyingi mtaani hazikuwa na uwezo wa kushika masafa ya 700, na Faiba haikuwa na 2G wala 3G ya kukushika mkono ukianguka. Hewa ilikuwa imefunguliwa lakini ufunguo ulikuwa kwenye simu ya bei. Watu wakaishia kununua vile vidude vya MiFi na kuvibeba mfukoni kama inhela.

Hilo ni somo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha: kugawa masafa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kama kijana wa Kayole mwenye simu ya elfu saba anaweza kuyatumia.

Na kuna hesabu nyingine, ile ya mfuko. TV ya bure hewani, ukishanunua seti na king'amuzi cha bure, haikuulizi tena. Mechi ya Harambee Stars ikionyeshwa hapo, dakika 90 ni stima tu. Mechi hiyo hiyo ukiitazama kwa simu unaweza kuchoma GB moja na zaidi ukitaka picha inayoonekana. Masafa ni yale yale ya umma. Zamani yalikuletea picha bila malipo, sasa yanakuletea picha kwa kipimo, na ukimaliza bando refa anabaki amenyanyua mkono hewani.

Simaanishi turudi nyuma. Mimi hapa ninaishi kwa hayo masafa. Blogu yangu haingekuwepo, na hakuna kituo cha TV kingenipa dakika moja ya hewa nikiwa na cheti cha sekondari na laptopu iliyofungwa kwa selotepu. TV ya zamani ilikuwa mlango mmoja na askari. Simu iliniruhusu kuongea na watu bila kuomba. Faida hiyo ni ya kweli na wengi wenu mnaosoma hapa mnakula kwayo: wanaorekodi skiti Umoja, wanaouza nguo TikTok, wanaofanya podikasti kitandani wakiwa wamejifunika blanketi ili kuzuia mwangwi.

Ninachosema ni kwamba njia hizi mbili si za kubadilishana tu, moja iende ili nyingine ije. Tunazihitaji zote mbili, na sababu tuliiona kwa macho.

Ule mlingoti wa pamoja una upande wake wa giza. Ukiweka mayai yote kwenye kilima kimoja, mtu anayetaka kuyavunja anahitaji gari moja tu. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga akijiapisha pale Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa kwenye mitambo ya Limuru, na zikakaa nje kwa siku kadhaa hata baada ya korti kuagiza zirudishwe. Tarehe 25 Juni 2025, mwaka mmoja baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano mbashara, na mawimbi ya vituo vile vile vitatu yakakatwa kabla ya Mahakama Kuu kusimamisha agizo hilo.

Lakini siku hiyo ya 2025 haikuwa kama 2018, na ulikuwa hapo ukiona. Runinga ilipokuwa nyeusi, watu waliendelea kutazama vituo hivyo hivyo kwenye YouTube, na TikTok ilikuwa imejaa wasee wenye simu mkononi pale CBD. Matangazo yalifukuzwa kwenye nyumba mpya na yakapitia dirisha la nyumba ya zamani, maana sehemu ya 4G iliyobeba hizo video ni ile ile hewa TV iliyohama.

Kabla hujashangilia, kumbuka pia tarehe 25 Juni 2024. Siku ile Bunge lilipoingiwa, intaneti nayo iliyumba nchini kote mchana kweupe, na kampuni za simu zikasema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Siku hiyo TV ndiyo iliyobaki imesimama. Mwaka mmoja simu inaokoa TV, mwaka mwingine TV inaokoa simu. Ukiua moja, umebakisha swichi moja.

Sasa tuongee kuhusu zile bedsitta 20. Ahadi kubwa ya dijitali ilikuwa kwamba vituo vingi vitazaliwa, na kweli vilizaliwa. Leo Kenya ina zaidi ya vituo mia moja vya TV. Inooro TV ilikuja Oktoba 2015, miezi michache tu baada ya zile siku 19, na vituo vya lugha zetu vikafuata. Hilo ni jambo zuri na sitalibeza. Lakini washa king'amuzi usiku wa manane upitie orodha yote. Utakutana na mhubiri, dawa ya kienyeji, mhubiri, kamari, video za muziki zinazozunguka bila mtangazaji, mhubiri. Cha vijana kiko wapi? QTV, iliyokuwa ikiongea kama sisi, ilifungwa mwaka wa 2016. Switch TV ya Kenya Red Cross, iliyolenga vijana waziwazi, nayo ilikuja na ikaenda.

Tatizo ni kwamba gharama haikuisha, ilihama tu. Zamani ulihitaji pesa za mlingoti. Sasa unahitaji ada ya kila mwezi ya msambazaji, mwezi baada ya mwezi, uwe umepata tangazo ama hujapata. Kituo kidogo cha vijana sita hakiwezi kuzalisha vipindi vya saa 24 na wakati huo huo kulipa kodi ya hewa. Kwa hivyo wanauza saa kwa wahubiri, na mwisho wanakuwa kituo cha wahubiri.

Lakini hebu jiulize: nani alisema kila kikundi lazima kiwe na bedsitta yake? Kama Nation, Standard na Royal Media, na mabilioni yao, waliona ni busara kugawana mlingoti, kwa nini podikasti ya Kisumu, kundi la skiti la Mombasa na wachambuzi wa soka wa Eldoret wasigawane chaneli moja? Kisumu wachukue jioni, Mombasa usiku, Eldoret wikendi. Ada moja, mhariri wa ratiba mmoja, muuza matangazo mmoja. Maudhui tayari yapo, yamekaa kwa simu zenu. Kinachokosekana ni mtu wa kuitisha mkutano na mkataba wa kurasa mbili unaosema nani anamiliki nini, pesa ikija inagawanywa vipi, na mtu akijitoa anatoka na nini. Hiyo sehemu ya mkataba nakusihi usiiruke. Nimeona kundi la marafiki wanne likivunjika kwa sababu ya nywila ya YouTube.

Na ningependa sheria isukume kidogo. Wasambazaji wanatumia masafa ya umma. Kuwatengea vijana na vituo vya kijamii chaneli chache kwa ada nafuu hakutawafilisi.

Kuna kona nyingine ya hii hewa ambayo inanifurahisha kuliko zote, na haiko Nairobi. Unakumbuka zile nyumba zinazoachwa tupu kati ya vituo ili mawimbi yasigongane? Mwaka wa 2013, karibu na Nanyuki kule Laikipia, mradi unaoitwa Mawingu ulianza kuzitumia kupeleka intaneti vijijini. Microsoft ilikuwa ndani, serikali ikawa ndani, na mitambo iliendeshwa kwa sola kwa sababu stima haikuwa imefika. Kifaa kinauliza kwanza, hapa kuna nyumba ipi haina mtu? Kinaambiwa, kinaingia, kinarusha intaneti kilomita nyingi juu ya miti na mabonde, bila kumsumbua mwenye TV. Shule na zahanati ambazo hakuna kampuni ya simu iliyokuwa na haraka ya kuzifikia zikapata mtandao. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa ghali na vichache, ndiyo maana hukuviona mtaani kwenu. Lakini hesabu ilifanya kazi, na Mamlaka ya Mawasiliano baadaye iliandika utaratibu wa kuruhusu matumizi hayo.

Yote hayo, TV zilizobaki, bedsitta za vijana na intaneti ya Nanyuki, yanakaa kwenye kipande kimoja cha hewa: megahezi 470 hadi 694. Ndicho kilichobaki kwa runinga. Na kampuni za simu tayari zinakitazama. Kwenye mkutano wa dunia wa mawimbi ya redio uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, baadhi ya nchi za Mashariki ya Kati zilikubaliwa kuzipa simu sehemu yake ya juu, kuanzia 614. Kwa sehemu kubwa ya Afrika na Ulaya, runinga imebaki mwenyeji mkuu kwa sasa. Suala hilo limepangwa kutazamwa tena mwaka wa 2031.

Piga hesabu ya umri wako. Wengi wenu mtakuwa kwenye thelathini hivi, mnalipa kodi, pengine mna mtoto anayetaka katuni. Kabla ya mkutano kama huo, kila nchi huandaa msimamo wake nyumbani, na Katiba yetu inadai umma ushirikishwe. Mamlaka ya Mawasiliano huweka rasimu zake kwenye tovuti na kualika maoni. Kampuni za simu zina mawakili na wahandisi wa kujibu. Wenye vituo vya TV wana chama chao. Sijawahi kusikia kundi la watengenezaji maudhui wa mtaani likituma hata ukurasa mmoja.

Ukurasa wenyewe si mgumu. Unaweza kuuliza mambo matatu tu: mkichukua kipande hiki, simu ya elfu saba itayashika hayo masafa mapya? Mzee wa Turkana ama Tana River anayetegemea antena atatazama nini, na kwa bando la nani? Na zile chaneli zinazobaki, moja iko na ada ambayo vijana ishirini wakichanga wanaweza kulipa?